Kinu Kitupu cha Zuhura

Ninyi mnaokaa sasa kwenye meza za mafundi simu kando ya soko letu hapa Tabora, nikipita mnanisalimu kwa adabu, "Shikamoo Fundi Idi," halafu mnaniuliza swali lile lile. Mteja akitaka kuazimisha simu yake bila kuumbuka, mumfungie nini? Mmoja anataka nimtajie programu, mwingine anauliza kama alama ya kidole inatosha. Nawaitikia marahaba, nawatajia mawili matatu, naenda zangu. Jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna kinu, na habari za kinu hazielezeki mtu amesimama juani. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nianze na ninachokitaka mimi, msije mkadhani nawapa darasa tu. Nataka kuisikia tena sauti ya mke wangu Zuhura. Picha zake ninazo, kanga zake ninazo, hata kandambili zake bado ziko mlangoni. Sauti ndiyo sina. Ilikuwepo mara moja. Nilikuwa nimembadilishia maiki ya simu yake, nikampa aijaribu kama mnavyofanya ninyi: unabonyeza kinasa sauti, unasema lolote, unasikiliza. Akasema, "Haya, Fundi Idi, maiki imepona, sasa njoo unywe chai, maana ikipoa nikaipasha tena nakunywa mwenyewe." Nikasikiliza, nikacheka, nikamrudishia. Jioni alikuwa ameshaifuta.

"Ya nini kuiweka?" aliniambia. "Si mimi nipo hapa hapa?"

Zuhura ndiye aliyekuwa simu ya mtaa wetu wa Chemchem. Msiniambie kwamba siku hizi kila mtu ana simu. Kila mtu anayo, lakini mmoja imekwisha chaji, mwingine hana salio, na mwingine anayo nzuri kuliko yako wewe fundi, ila nyumbani kuna mtu anaipekua kila jioni. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa akija kwetu zaidi. Walikuja majirani, na walikuja wanawake wa Ntalikwa wanaoleta mboga mjini asubuhi. Hakuwahi kumwuliza mtu kwa nini hatumii yake.

Alikuwa na namna yake ya kuazimisha. Kwanza hampi mtu simu hivi hivi. Anamwambia amtajie namba, anaipiga mwenyewe, anasubiri isikike inaita, ndipo anaikabidhi. "Ongea tu, mimi sipo," anasema. Halafu anavuka ua mpaka kwenye kinu, anaanza kutwanga kisamvu.

Nilichukua muda kuelewa kwamba kile kinu kilikuwa sehemu ya kuazimisha. Mtu anayeongea na simu ya mwenzake huwa na wasiwasi, anageuka geuka kuona nani yuko nyuma ya mlango. Kwa Zuhura hakukuwa na haja. Mchi ukilia, unajua mwenye simu yuko wapi, na unajua kwamba hata akitaka kukusikia hawezi. Siku ambazo kisamvu hakikuwepo alitwanga kinu kitupu. Kinu kitupu kina mlio mbaya, mkavu, na wageni walidhani mke wangu amepungukiwa akili. Mama mkwe wangu alilalamika kwamba kitapasuka. Kilipasuka kweli, tukanunua kingine, akaendelea.

Mtu akimaliza kuongea, Zuhura anaipokea simu na kumfutia pale pale mbele ya macho yake: namba aliyopiga, ujumbe aliotuma, picha aliyopiga, sauti aliyorekodi. Anamgeuzia kioo aone. "Umeona? Haya, nenda salama." Nilimsihi aifunge simu yake kwa namba ya siri, akakataa. Alisema simu ya watu ikifungwa, siku yeye akiwa sokoni mwenye shida atapata tabu. Yeye aliona ulinzi wa simu yake ni kutokuwa na kitu ndani.

Vitufe nilimfundisha mimi. Adabu ile alikuja nayo, ingawa nami niliwahi kufundishwa inayofanana nayo, tena enzi za redio, ninyi hamjazaliwa. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramji, wa zile familia za Kihindi zilizokaa mjini hapa tangu babu wa babu zao, aliyekuwa na duka la kutengeneza redio. Wakati huo watu walikuwa wakitumiana salamu kwa kanda. Mtu yuko mbali, kuandika hajui, anajirekodi upande mzima wa kanda, anampa abiria wa treni aifikishe. Redio kaseti nyingi zililetwa dukani na kanda ya mtu imo ndani.

Wiki yangu ya kwanza nilimaliza kutengeneza redio moja, nikanyoosha kidole nibonyeze nione kama inacheza. Redio ikazimika. Kumbe Mzee Ramji amechomoa waya ukutani.

"Kilicholetwa kutibiwa nini, Idi?"

"Redio, mzee."

"Kanda inaumwa?"

"Haiumwi."

"Basi mwenye kanda mwache na mambo yake."

Akaitoa kanda ile, akaitia kwenye bahasha, akaibandika kwa gundi. Kujaribia alikuwa na kanda yake mwenyewe, nyimbo za Kihindi upande mmoja, na upande wa pili yeye anakohoa na kuhesabu. Nimesikia kikohozi cha Mzee Ramji kikitoka kwenye redio za mji mzima, na leo natamani hata hicho nikisikie.

Sasa ninyi. Simu ikiletwa kubadilishwa kioo, mwambie mwenyewe atoe laini na kadi ya kumbukumbu kabla hajaondoka, aondoke navyo mfukoni. Ukitaka kujaribu kamera, jipige wewe. Mimi nilikuwa napiga picha kandambili zangu, na wateja kadhaa wamefika nazo nyumbani wakaulizwa ni za nani.

Na wateja wenu wafundisheni kutofautisha kuonyesha na kuazimisha. Alinijia bwana mmoja mfugaji kutoka Choma, kule Igunga, hata kukaa hakukaa, alinisalimu kwa lugha ya kwao tu. "Mwangaluka, fundi. Nifungie hizi picha, hata kama ni kwa mnyororo." Nikamwuliza kumetokea nini. Alikuwa amepata mtoto, akaenda ukweni kutoa habari. Mama mkwe akaomba kuona picha ya mjukuu. Bwana akachuchumaa, akampa simu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Bibi akaitazama, akafurahi, akataka kuona nyingine, akatelezesha kidole. Iliyofuata ilikuwa picha ya jipu lililomtoka bwana huyo kwenye kalio, aliyoipiga kwa shida zote ili amwonyeshe daktari.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akanirudishia simu kwa mikono miwili. Akasema, pole mkwe. Tangu siku hiyo sijakanyaga kule."

Bwana yule hakuhitaji mnyororo. Picha unaishika wewe, mwenzako anatazama. Ukilazimika kuitoa mkononi, simu nyingi siku hizi zina mahali kwenye mipangilio, upande wa usalama, pa kubandika ukurasa mmoja: ukishaubandika, mwenzako anabaki hapo hapo alipo, na akitaka kutoka simu inadai namba yako ya siri. Nyingine zina chumba cha mgeni, anaingia humo anaona simu tupu kama imetoka dukani. Zimeni pia zile jumbe zinazochungulia juu ya kioo, maana unaweza kumpa jirani simu apige, na ujumbe wako ukamfikia yeye machoni kabla yako. Namba piga mwenyewe. Na mtu akiazima simu halafu akasema utaingia ujumbe wenye tarakimu, umsomee, chukua simu yako hata kama ni shemeji yako, maana tarakimu hizo ndizo ufunguo wa pesa zako.

Aliyeazima naye ana lake la kujilinda. Mwambie unayempigia asijibu kwa namba hiyo. Futa alama zako kabla hujarudisha, usingoje kufutiwa. Wenye simu kama Zuhura ni wachache.

Zuhura alitutoka baada ya kuugua siku chache. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kwenye matanga alikuja mtani wangu Kondo, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu akabaki. Vijana wa mjini nasikia mnaanza kuusahau utani, basi niwaambie. Wazee wetu Wanyamwezi walishuka pwani na mizigo kichwani, wakapita kwa Wazaramo, wakala mihogo yao na kunywa maji yao. Utani ukaanzia njiani humo na haujaisha. Penye msiba mtani ana ruhusa ya kukamata chochote cha nyumba ile na kumwigiza marehemu mbele za watu, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Anacheka, analipa kikombozi, anarudishiwa chake.

Basi asubuhi ya siku ya pili Kondo akatoka ndani amejifunga kanga ya Zuhura kiunoni. Mkononi ana simu ya Zuhura, ameichukua dirishani ilipokuwa ikikaa siku zote.

"Jamani Wanyamwezi!" akapaza sauti. "Kubeba mizigo ya watu mnajua, kubeba siri zao hamjui. Leo nawasomea habari za mtaa mzima!"

Wanaume wakacheka. Wanawake waliokuwa jikoni hawakucheka. Niliona upawa umesimama ndani ya sufuria. Niliona Mama Kabula wa Ntalikwa, yule aliyekuwa akituletea kisamvu, ameweka kiganja mdomoni na hakitoi. Mle ndani ya ua walikuwemo wanawake waliowahi kuitumia simu ile kwa mambo ambayo hawakutaka hata mama zao wayajue. Na simu haikuwa na namba ya siri. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, na mila hainiruhusu kunyanyuka.

Kondo akabonyeza, akateremsha kidole. Akaenda kwenye jumbe, akaenda kwenye namba, akaenda kwenye picha. Nikaona uso wake unabadilika, maana hakukuwa na kitu. Lakini mtani haishiwi. Akaweka simu sikioni, akabinua kiuno, akaiga sauti ya Zuhura: "Ongea tuuu, mimi sipo!"

Ua mzima ukaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wale wanawake, kwa sababu roho zilikuwa zimewarudia. Nami nilicheka, huku kimoyomoyo namsahihisha Kondo. Zuhura hakuwa akivuta "tu". Alikuwa akiisema haraka, na "sipo" ndiyo aliyoivuta. Nikatoa jogoo, nikarudishiwa simu.

Miezi ikapita. Siku moja tumekaa barazani na Kondo tunakunywa kahawa, nikamwambia, "Hebu mwigize tena." Akaigiza. Nikasikiliza kwa makini, tayari kumsahihisha, nikashindwa. Nilijua amekosea mahali, ila mahali penyewe sikupajua tena. Kondo alinitazama usoni, akanimiminia kahawa nyingine.

Niliogopa, wanangu. Kifo chake nilikuwa nimekizoea kidogo, lakini hili sikuwa nimelitarajia.

Kesho yake asubuhi nikatoa kadi ya kumbukumbu kwenye simu ya Zuhura, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya kazi. Mnajua nilichotaka kufanya, maana hata ninyi mnakifanya kila siku. Kufuta kitu kwenye kadi ni kama kung'oa jina mlangoni. Mwenye chumba bado yumo ndani mpaka ahamie mwingine. Watu wengi mjini hapa nimewarudishia picha za harusi walizozifuta kwa bahati mbaya. Nikaiwasha programu. Baada ya muda orodha ikaanza kushuka, na ilikuwa ndefu.

Shida ni kwamba vitu vikirudi hivyo vinarudi bila majina. Kila sauti inakuwa na namba tu. Wanawake wengi waliokuja kwetu hawakuwa watu wa kuandika. Walirekodi sauti wakazituma kwa ndugu zao, na Zuhura akazifuta. Sasa zote zilikuwa zimerudi, na mojawapo ilikuwa ile ya chai. Kuipata ilinibidi nifungue moja baada ya nyingine, nisikilize kila mmoja alisema nini na kwa nani.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe niliposikia hodi. Alikuwa Mama Kabula, ameleta fungu la kisamvu, kama ada. Hakuwa ameacha kuleta hata baada ya msiba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Karibu."

Akaweka kisamvu chini. Akaiona simu mezani iko wazi mgongoni, akaitazama kompyuta. Akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa.

"Baba, mambo yetu mle si yalifutwa?"

"Yalifutwa."

"Yamefutwa ya kurudi, au ya kutorudi?"

Kazi hii nimeifanya maisha yangu yote, na sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Nikamwambia, "Ya kurudi, mama. Kwa anayejua."

"Na wewe unajua."

"Najua."

Alikuwa akikunjua na kukunja pindo la kanga yake. "Unamtafuta yeye," akasema.

Nikakubali kwa kichwa.

"Za kwangu sikiliza, baba, kama zitakusaidia kumfikia. Nakuruhusu, Mungu shahidi yangu. Lakini mle sipo peke yangu, na hao wengine siwezi kukuruhusu kwa niaba yao."

Akaaga, akaenda na mboga zake sokoni. Nilibaki naitazama ile orodha. Nilijiambia nitasikiliza mwanzo tu wa kila moja, neno moja tu, nikisikia si yeye nafunga. Nilijiambia pia kwamba mimi ni mzee, nitamsimulia nani? Halafu nikamkumbuka Zuhura anavyogeuza kioo. "Umeona? Haya, nenda salama." Alikuwa amewaahidi, kila mmoja na siku yake, na mimi ndiye niliyemfundisha kile kitufe cha kufutia. Nikaizima kompyuta bila kusikiliza hata moja. Nikalia, tena kwa sauti, maana nyumbani hakukuwa na mtu wa kuniuliza.

Lakini kuzima hakutoshi, na hili liwekeni akilini ninyi mafundi. Kadi ile ingeweza kuokotwa na yeyote baada yangu. Kufuta kwa kutorudi ni kuijaza kadi na vitu vingine mpaka pasibaki nafasi. Nikairudisha ndani ya simu, nikaiweka simu dirishani, nikawasha kinasa sauti, nikaacha kirekodi ua. Kilirekodi majogoo, adhana, bodaboda, treni ikipiga honi kule stesheni, watoto wa jirani wakigombana. Kikisimama nakiwasha tena. Kila sauti ya ua wetu iliyoingia iliondoa kitu cha zamani, na nilijua kwamba mojawapo ya vinavyoondoka ni ile ya chai. Sikujua ni wakati gani ilipoondoka. Pengine nilikuwa nafagia.

Asubuhi simu ilipogoma kurekodi zaidi, kadi imejaa, Mama Kabula akapiga hodi. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida.

"Baba, ile simu bado inaazimwa?"

"Inaazimwa. Na yale mambo sasa ni ya kutorudi."

Akaitikia kwa kichwa, akanitajia namba. Nikaipiga, nikasikia inaita, nikamkabidhi. "Ongea tu, mimi sipo," nikasema, nikavuka ua. Kisamvu hakikuwepo. Kinu kilikuwa pale pale, kimejaa vumbi. Nikakipangusa, nikashika mchi, nikatwanga kitupu kwa nguvu zangu zote ili nisisikie, na sikusikia. Mpaka leo sijui alimpigia nani wala kwa nini.

Nilistuka kuona amesimama karibu yangu. Nikapokea simu, nikamfutia, nikamgeuzia kioo. Lakini hakuondoka.

"Unatwanga haraka mno, baba," akasema. "Yeye hakuwa akitwanga hivyo."

"Alikuwa akitwangaje?"

Mimi mchana nilikuwa kazini siku zote. Waliokuwa wakiusikiliza mchi wa Zuhura, simu sikioni, ni wao. Mama Kabula akaufunga mtandio wake kiunoni, akaupokea mchi mikononi mwangu.

"Polepole," akasema. "Halafu anapumzika kidogo, anagonga ukingo, ndipo anaendelea. Sikiliza."

Nikakaa kwenye kigoda, nikafumba macho, naye akatwanga.